Milima ya Kavoi na Ziwa la Amolo

Watu wengi huonea wivu vitu vya kueleweka. Mmoja ataonea wivu gari la jirani, mwingine nyumba ya mawe, mwingine mume wa mwenzake anayerudi nyumbani mapema. Kavoi yeye alionea wivu ziwa. Tena si ziwa la maji, ni ziwa la rangi, lililochorwa kwenye kitambaa cha marekani na kuning'inizwa kwa misumari minne katika chumba cha mabati huko Mashimoni, Kibera. Ukimwambia mtu jambo kama hilo atakucheka mpaka ashike mbavu, na ndiyo sababu Kavoi hakumwambia mtu.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga na mkewe Mutanu na binti yao Yvonne, na juu ya mlango ilikuwa na maandishi mekundu aliyoyaandika mwenyewe: KAVOI STUDIO, PICHA SAFI. Ndani kulikuwa na mapazia matatu, nayo pia aliyachora mwenyewe. Mteja aliingia, akachagua mahali pa kwenda, akasimama mbele yake, akapigwa picha, na baada ya siku tatu akarudi kuichukua. Mlima Kenya wenye theluji uliwapendeza waliofaulu mtihani na waliopata kazi mpya. Mtu akisimama pale alitunisha kifua utadhani ameupanda kwa miguu yake. Maporomoko ya Nyahururu yalichaguliwa na wajane na watu waliotoka hospitali. Walisema yale maji yanawatoa kitu kifuani, na Kavoi hakuwauliza ni kitu gani.

Pazia la tatu lilikuwa milima ya Iveti, kwao Machakos. Ilikuwa ya kijani kutoka chini hadi juu, matuta ya mashamba yamejipanga kama nywele zilizosukwa na fundi, ukungu wa asubuhi umekaa kileleni. Alilichora kwa miezi minne. Hakuna kitu alichokifanya kwa mikono yake akakipenda kama hicho, na mtu akilipita bila kulitazama mara mbili, Kavoi alimhesabu kuwa mjinga.

Desemba ndiyo iliyokuwa msimu wa wapiga picha. Aliyekosa nafasi ya kwenda shags, kijijini kwao, kwa Krismasi alituma picha kwa mkono wa anayesafiri, ili mama yake amwone amevaa vizuri, amenenepa kidogo, amesimama mahali pazuri. Mama mwenyewe alijua fika kwamba mwanawe hajafika Mlima Kenya. Haidhuru, aliitundika ukutani na kuwaonyesha wageni.

Sasa, Agosti ya mwaka huo wa 2007, chumba kilichopakana na cha Kavoi kilipangwa na Mjaluo mmoja mrefu, mpole, jina lake Amolo. Alihamia kutoka Kambi Muru pamoja na dada yake mkubwa, Jael, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Naye alikuwa mpiga picha. Ukiwa na bahati mbaya utapata jirani mwizi au jirani mlevi, lakini Kavoi alipata jirani wa kazi moja naye, na kilichowatenganisha kilikuwa bati moja tu.

Amolo alikuja na pazia moja. Lilikuwa ziwa la kwao, maji ya rangi isiyo buluu wala kijivu, mafunjo machache upande mmoja, visiwa viwili mbali kabisa, na juu yake anga kubwa lililokula zaidi ya nusu ya kitambaa. Hapakuwa na ndege wala mtumbwi wala mtu. Kavoi alipoliona mara ya kwanza alifurahi moyoni, maana aliona kazi ya mvivu.

"Boss, umesahau kuchora kitu," alimwambia.

"Sijasahau," Amolo akajibu. "Nimewachia mteja nafasi."

Kufikia Oktoba foleni ilikuwa kwa Amolo. Walianza Wajaluo wenyewe, hilo Kavoi alilielewa. Wakafuata Waluhya, halafu Wanubi, halafu, jambo lililomkata maini, wakafuata Wakamba wenzake. Kina mama wa kanisa lake, waliozaliwa kwenye matuta yale yale aliyoyachora, walimsalimu kwa adabu mlangoni, wakampita, wakaingia kwa yule mwingine kusimama kando ya maji ambayo hawakuwahi kuyagusa.

Kavoi alitoboa bati kwa msumari. Ndiyo, mtu mzima wa miaka thelathini na minane alitoboa tundu, akaweka jicho. Alitaka kujua Amolo anafanya nini. Hakusikia maneno, kwa kuwa redio ya Jael haikuzimwa kutwa, lakini aliona. Watu walisimama mbele ya lile ziwa, Amolo akawaambia jambo fulani, wakatulia. Mabega yalishuka. Mlinzi mmoja wa usiku alitulia mpaka akasinzia akiwa wima, na Amolo akamngoja azinduke ndipo ampige. Kavoi hakuwa na muda wa kubembeleza watu hivyo. Yeye alifundishwa kazi na mjomba wake aliyekuwa askari, na amri zake zilikuwa tatu, kwa mpangilio ule ule: simama wima, kidevu juu, cheka.

Siku mbili kabla ya Krismasi alifungua mkoba wa Mutanu akitafuta ufunguo wa kufuli. Akatoa picha.

Ilikuwa ya Mutanu, mbele ya ziwa. Amevaa gauni lake la kijani, kichwa kimeinama upande kidogo, na anacheka. Hakuonyesha meno. Alikuwa anacheka kwa uso mzima, kwa macho, kwa namna ambayo Kavoi aliwahi kuiona labda mara mbili katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, na kamwe si mbele ya kamera yake. Kila Krismasi alimpiga picha mbele ya milima ya Iveti. Picha kumi na moja zilikuwa kwenye albamu, na katika kila moja Mutanu alisimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Aliirudisha mkobani. Jioni alisukuma sahani kando.

"Unaumwa?" Mutanu aliuliza.

"Siumwi."

"Basi kula."

"Nimeshiba."

Kesho yake alimwita studio mapema, akamsimamisha mbele ya Iveti na kuwasha taa zote mbili. "Kidevu juu," alisema. Mutanu aliinua kidevu, na shingo yake ikakakamaa kama kawaida. "Cheka basi." Akaonyesha meno. Kavoi alitamani kuitupa kamera ukutani. Swali lilikuwa limemkaa ulimini, kwamba kuna nini kule ambacho huku hakuna, lakini kuuliza ni kukiri, na wivu wake ulikuwa na kiburi. Alibonyeza kamera, akasema imetosha.

Kura za urais zilipigwa Alhamisi. Jumamosi Kavoi alikuwa na harusi ya kupiga picha huko Gatina, Kawangware, alikoishi dada yake Wayua katika ghorofa ya tatu ya jumba la kupanga. Alichukua kamera na pazia la Mlima Kenya, akaondoka asubuhi bila kuaga vizuri. Bibi harusi hakufika kanisani. Matokeo yalikuwa yanachelewa, watu wamesimama makundi makundi kwenye redio, na mchana huo huo barabara za kurudi Kibera zikafungwa kwa mawe na matairi. Jumapili jioni mshindi akatangazwa, mtu wa upande wa mlima, watu wa upande wa ziwa wakakataa, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kutangaziwa kingine. Wayua na kaka yake walisimama kwenye kibaraza wakatazama moshi ukipanda upande wa Kibera.

Simu ilishika mara moja tu. "Niko sawa," Mutanu alisema. "Niko kwa kina Amolo. Jael ameniambia nisilale kule peke yangu. Yvonne ako salama huko Machakos kwa nyanya yake, nimempigia. Wewe usitoke huko, umesikia?"

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa mwanamume. Kisha salio likaisha, na maduka ya kuuza kadi za simu yalikuwa yamefungwa Gatina nzima.

Ungedhani mtu akisikia mkewe yu hai katikati ya moto ule atapiga magoti ashukuru. Kavoi alitembea kwenye kibaraza kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Nani alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Wapi?" Wayua akasema.

"Kwa simu. Kuna mtu alikuwa anacheka."

"We Kavoi! Watu wanahama na magodoro kichwani, na wewe unataka kujua nani alikuwa anacheka? Si ufurahi kuna mahali mtu bado anacheka?"

Hakufurahi. Siku zilizofuata alikula wivu asubuhi na kuulalia usiku. Alimwona Mutanu ameketi upande ule wa bati, ziwa likiwa nyuma yake, akiitazama milima ya Kavoi kupitia lile tundu la msumari na kucheka. Aliona mambo mengine pia, ambayo hayana haja ya kusemwa hapa.

Kwenye jumba lile watoto walikuwa wamefungiwa ndani siku nyingi, wanalia. Kavoi alitundika Mlima Kenya kwenye korido ili wanyamaze. Walikaa chini wakautazama kama wanaotazama televisheni. Watu wazima nao wakaanza kuja. Mzee Wakoli wa chumba cha mwisho, aliyechomewa kibanda chake cha viatu, alileta kigoda akakaa saa nzima mbele ya theluji ile. "Huko hakuna moshi," alisema, akarudi chumbani kwake.

Siku ya pili yake kiateka, mtunza jumba, alipanda ngazi mbio. "Toa hiyo kitu haraka. Kuna vijana wako chini, wanauliza nani ameweka bendera ya watu wa mlima."

"Si bendera. Ni picha ya mlima tu."

"Siku hizi ni kitu moja, bro. Toa!"

Kavoi alilikunja pazia, akalisukuma chini ya kitanda cha Wayua. Alisikitika kidogo, kwa sababu alikuwa amezoea watu kuusifu ule mlima. Lakini kwamba mlima sasa una kabila, na ziwa nalo lina kabila, na kwamba mtu anaweza kuuawa au kuachwa kwa ajili ya kitambaa, hilo lilimpita kama upepo. Kichwa chake kilikuwa Mashimoni.

Wiki ya pili ya Januari ilianza kwa utulivu, na watu wakaanza kutembea. Halafu redio ikasoma majina ya mawaziri wa rais aliyetangazwa, na jina la mtu wa Ukambani likawemo. Wakamba wa Kibera, waliokuwa wamelala bila upande, wakaamka wana upande. Wayua alimshika kaka yake mkono mlangoni. "Usiende leo. Ngoja tuone."

"Nimengoja siku kumi na moja," Kavoi alisema, na kila siku alikuwa ameihesabu.

Alitembea kwa miguu kupitia Barabara ya Ngong, akashuka Kibera, akafika Mashimoni saa sita mchana. Njia ilinuka majivu. Vioski vitatu vya maji vilikuwa vimebaki miguu tu. Alipokata kona ya mwisho akaona studio yake, nzima, haijaguswa, na badala ya kufurahi akasimama kama aliyepigwa kofi.

Ziwa lilikuwa mlangoni pake. Lilikuwa limetundikwa nje, kwa misumari mipya, kutoka kwenye paa hadi chini, likafunika mlango wake, dirisha lake, na maandishi yake mekundu. Jina lake halikuonekana popote. Kando, kwenye mlango wa Amolo, zilikuwepo ndala za Mutanu, na kutoka ndani akasikia sauti yake na ya Amolo wakizungumza taratibu, kama watu waliozoeana.

Basi mke amechukuliwa, akajiambia, na sasa duka.

Alilishika lile pazia kwa mikono miwili, akavuta. Msumari wa kwanza ulitoka, wa pili ukapasua kitambaa. Sella, mama wa mandazi aliyekaa ng'ambo ya njia, aliacha karai lake akainuka. "Kavoi! Kavoi, wachana na hiyo kitu! Irudishe!"

"Nyamaza, Sella! Na wewe ulikuwa unajua!"

"Kujua nini? Irudishe nakwambia!"

Hakumsikia. Alivuta mpaka ziwa lote likaanguka matopeni, akasimama juu ya vile visiwa viwili kwa viatu vyake, akaanza kumtukana Amolo. Alimtukana kwa Kikamba, lugha ya mama yake, maana matusi ya kweli hayatafutwi katika lugha ya kujifunza. Sauti yake ilifika mpaka njia panda. Na juu ya kichwa chake, wazi kwa kila mpita njia, maandishi mekundu yalisema KAVOI STUDIO, PICHA SAFI.

Mutanu alitoka mbio bila viatu. Alimtazama mumewe, akatazama kitambaa matopeni, akatazama maandishi, na rangi ikamtoka usoni.

"Umefanya nini?"

"Nakuuliza wewe umefanya nini! Siku kumi na moja!"

"Hiyo ndiyo ilikuwa imetuficha, Kavoi. Vijana wanaotafuta Wakamba walipita hapa mara mbili. Wanaijua hiyo picha, wakaona ni kwa Amolo, wakaenda. Amolo aliitoa kwake akaiweka kwako. Kwako!"

Amolo alikuwa amefika mlangoni. Aliinama, akashika ncha moja ya kitambaa, akamwambia Kavoi, "Shika huko. Tuirudishe mbio." Na ninasema kwa masikitiko kwamba Kavoi, hata wakati huo, hakuinama mara moja. Alikuwa bado anamtazama Amolo, anatafuta usoni pake alama ya mtu aliyelala na mke wa mwenzake.

Vijana walitokea njia panda. Walikuwa saba au wanane, wenye marungu, na hawakuwa wageni. Mmoja wao alikuwa amepigiwa picha ya kumaliza darasa la nane hapo hapo, mbele ya theluji, kifua mbele.

"Nani huyo anapiga nduru kwa Kikamba?"

"Hakuna shida, wasee," Amolo alisema. "Hizi duka zote mbili ni zangu."

"Na hiyo jina?"

"Ni ya zamani. Nilikuwa nataka kuipaka rangi."

"Amolo, usituchezee. Si huyu ndiye Kavoi? Huyu si alinipiga picha?"

Amolo alinyoosha mkono kuziba mlango. Rungu lilimpata juu ya kifundo cha mkono, na kila mtu aliyekuwa pale alisikia mfupa. Jael akatoka, akamvuta Mutanu kwa nguo, wakapenya uchochoro wa nyuma. Mtu alikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Chumba cha Kavoi kikashika, na kwa kuwa bati lilikuwa moja, cha Amolo hakikuchelewa.

Kavoi aliingia ndani ya moshi. Angeweza kutoka na taa, au albamu, au nguo za mkewe. Alichomoa milima ya Iveti ukutani, akaikunja kifuani, akatokea upande wa nyuma huku nyusi zimeungua. Ukimuuliza atakuambia alifanya hivyo kwa ajili ya Mutanu, na ni kweli. Aliamini hilo.

Jioni hiyo Kavoi na Mutanu walikuwa kwenye uwanja wa maonyesho pale Jamhuri, pamoja na mamia ya wengine waliokimbia makwao, ndani ya hema ambalo upande mmoja haukuwa na ukuta. Amolo alikuwa amepelekwa zahanati na Jael, mkono wa kulia umefungwa kwa leso. Hakuna aliyejua kama utashika brashi tena.

Kavoi alitundika milima upande ule wa hema uliokuwa wazi. Ilitosha kabisa, utadhani ilipimwa. Asubuhi jua lilipoipiga, wanawake wa Kikamba waliokuwa hemani waliinuka wakasogea. Mmoja alisema, "Aa, nyumbani." Mwingine akaanza kulia, si kwa uchungu, bali kwa ile hamu inayomjaa mtu ghafla. Walikuja kutoka hema la pili na la tatu kutazama. Mzee mmoja wa Kitui aligusa ukungu kwa kidole, kwa upole, akauliza ni nani aliyechora.

Kavoi alijaa fahari. Jana yote ikarudi nyuma kidogo. Akageuka kumtafuta Mutanu, amwone akiona.

Mutanu alikuwa ameketi chini, ameipa milima mgongo, mkono umeshika shingo. Wayua alikuwa kando yake. Alikuwa amefika na sufuria ya githeri aliyoibeba kwa miguu kutoka Gatina.

"Hutazami?" Kavoi akamuuliza. "Kila mtu anatazama."

"Naijua."

"Nimeitoa kwa moto, Mutanu. Kwa ajili yako."

Mutanu akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Wewe ulitoka Iveti ukiwa na miaka saba. Ukawa unakuja Krismasi. Krismasi mvua imenyesha, kila kitu ni kijani, wewe ni mgeni, unachinjiwa kuku. Mimi nilikuwa huko Septemba. Septemba hiyo milima ni nyekundu, na kisima kiko chini kabisa, pale umechora ukungu mwingine mdogo. Nilikuwa nabeba maji kutoka hapo nikiwa na miaka sita. Kamba hapa." Aligusa paji la uso. "Mtungi mgongoni. Kupanda hiyo njia yote, mara mbili kwa siku, mpaka siku ulinioa. Na ukiwa na kamba kwa kichwa huwezi kuinua kidevu, shingo inavunjika. Sasa wewe kila mwaka unanisimamisha hapo unaniambia kidevu juu."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kutazama pazia. Mmoja, mtu mzima, alijishika shingo bila kujua.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Ndiyo maana hata Yvonne sikutaka aende huko likizo. Ukasema hewa ni nzuri." Alipangusa uso. "Nilienda kwa Amolo kumpelekea Jael kiberiti. Amolo ako na kitu anaulizanga kila mtu, kabla hajashika kamera. Anauliza, unataka kwenda wapi? Basi. Ukimwambia, anakuwachia ufike. Nikamwambia nataka mahali kuna maji na si mimi nitayabeba. Akasema, basi hayo hapo nyuma yako, tele, hakuna mtu atakutuma. Nikacheka. Ni hiyo tu, Kavoi. Ni hiyo tu alinipiga."

Wayua alimtazama kaka yake. Mutanu pia alimtazama, na usoni pake palikuwa na nafasi, kama lile anga la Amolo, iliyoachwa wazi ili mtu aseme neno. Kavoi aliiona. Alijua kwamba kuna neno linalohitajika pale, tena si refu. Aibu ilimpanda kutoka tumboni, akaihisi ikipanda. Lakini kuna kingine kilichokuwa kimezoea njia hiyo, nacho kilifika mdomoni kwanza.

"Na Jael alikuwa hapo?" akasema. "Wakati anakupiga. Au mlikuwa wawili tu?"

Wayua aliziba uso kwa viganja.

Mutanu alisimama, akakung'uta majani kwenye gauni, akafunga leso yake vizuri kiunoni. Akamwambia Wayua kwamba anaenda zahanati kumwona Amolo, na kutoka hapo atapanda gari kwenda Machakos kumchukua mtoto, na akirudi Nairobi atalala Gatina, kama Wayua atamkubalia. Wayua akasema nyumba ni yake. Mutanu alipita katikati ya hema, akazunguka pazia bila kuligusa, akashika njia ya getini.

Kavoi alibaki amesimama na wageni waliokuja kutazama milima. Lile swali la Amolo lilimjia hapo, unataka kwenda wapi, maneno matatu tu, rahisi hata mtoto angeweza kuyauliza. Alitoka nje mbio ili amuulize. Mutanu alikuwa ameshavuka barabara.